Mikeka Miwili ya Fundi wa Simu

Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaishi mfukoni. Hivyo ndivyo watu wa Kigoma walivyomtambua, kabla hata ya kujua kazi yake. Kwetu ukimsalimia mkubwa unatoa mkono wa kulia na kuushika kiwikoni kwa wa kushoto, na ukiwa na adabu zaidi unainama kidogo. Yeye alitoa mkono mmoja tu, upesi, huku ule mwingine umezama kwenye kaptura. Akina mama wa soko la Mwanga walisema anaringa. Wazee wa Ujiji walisema hakufundwa. Mimi, siku ya kwanza nilipoingia posta kufanya kazi, nilidhani amekatika vidole.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa mashine?"

"Ndiye mimi."

Aliona ninavyoukodolea macho mfuko wake. "Siku ukiona nimetoa mikono yote miwili," akasema, "ujue kazi imekwisha."

Nikacheka kwa heshima tu, maana sikuelewa. Ilinichukua muda kujua kwamba hakuwa anaringa, au tuseme alikuwa anaringa kwa mambo mengine, si kwa hilo. Umeme ukiingia mkono mmoja, alinieleza baadaye, unatafuta pa kutokea. Ukiupa mkono wa pili, unapita katikati, na katikati ndiko moyo uliko. Kwa hiyo mtu wa waya hufanya kazi kwa mkono mmoja. Wenzake waliutoa mkono huo mfukoni kazi ilipokwisha. Yeye alisema hawezi kuufundisha mkono saa za kazi na saa za mapumziko, kwa hiyo aliuacha humo humo, harusini, msibani, hata Ijumaa alipovaa kanzu.

Jina lake silitaji, na sidhani kama kuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi wa Simu, basi. Wapo waliosema wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, wapo waliomfanya mtu wa Ujiji tangu zamani. Yeye mwenyewe akiulizwa alisema ametoka nguzoni. Kaptura yake ya kaki ilipigwa pasi ikasimama, soksi zilifika magotini, na hakuna kioo cha fundi cherehani pale Mwanga alichokipita bila kusimama. Aliyepata kumwona akiwa na vumbi kwenye viatu ajitokeze aseme. Nguzo aliipanda akiwa hivyo hivyo, na akashuka hivyo hivyo.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa kupingana na nafsi yake. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu wa miji waongee, lakini yeye mwenyewe hakupenda maneno. Alipanda nguzo ambazo mimi hata kuzitazama zilinipa kizunguzungu, lakini mvua ikianza kunguruma hakuoga. Kule kwao Kasingirima alinuniana na jirani yake kwa miaka kwa sababu ya ukuta, na miaka yote hiyo hakuacha kumpelekea dagaa, kupitia mkewe. "Nimenuna naye mimi," alisema. "Tumbo lake halina kosa."

Ili mnielewe nikisema nilimstaajabia mtu huyu, lazima niseme kidogo kuhusu mashine yangu. Ilikuwa mashine ya simu za maandishi. Unabonyeza herufi Kigoma, inajiandika Tabora. Lakini herufi haisafiri nzima. Inakatwa vipande, sasa kuna umeme, sasa hakuna, na vipande hivyo vinapanga foleni kwenye waya uleule, kimoja nyuma ya kingine, mpaka ng'ambo ya pili vinapoungwa tena kuwa herufi. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na mpaka leo nikiifikiria naona ni muujiza.

Ubaya ni kwamba waya unaopitisha salamu unapitisha na radi. Mvua zetu huja kutoka upande wa Kongo. Unaona milima ya ng'ambo imefutika, ziwa limekuwa jeusi, na kabla hujaanua nguo, zimefika. Radi ikipiga nguzo huko njiani, inafuata waya mpaka ndani ya posta, inaingia kwenye mashine, na aliyeweka vidole kwenye mashine ndiye inayemkuta.

Kabla yangu alikuwapo kijana aliyekutwa hivyo. Mvua ilikuwa bado mbali, akataka kumalizia maneno ya mwisho ya simu ya msiba wa mtu. Fundi ndiye aliyemtoa chumbani kwa mikono yake, amekwisha kukata roho. Hakumtaja tena kwa jina. Alimwita "mwenzenu" tu. Tangu hapo ikawekwa amri kwamba wingu likionekana juu ya ziwa, waya unachomolewa. Kwa hiyo masika nzima Kigoma ilikuwa bubu nusu ya siku. Hospitali ikihitaji dawa, ingoje. Meli ikichelewa, hakuna atakayejua. Tabora walituzoea, wakasema Kigoma wanaogopa maji.

Fundi hakuizoea amri hiyo. Alikuwa na msemo wake mmoja, akiurudia mpaka tukaukinai: "Ujumbe upite, umeme ubaki." Bwana Posta, mkubwa wetu, mtu mwema aliyependa kila kitu kiende taratibu, alimuuliza itawezekanaje, ikiwa ujumbe wenyewe ndio huo umeme.

Fundi akatugeukia sote tuliokuwa kwenye chumba cha kuchambulia barua. "Mtu na mama mkwe wake," akasema, "wanashikana mikono?"

"Hawashikani."

"Wanatazamana usoni?"

"Aa, Fundi! Aibu."

"Wanakaa pamoja?"

"Hawakai."

"Je, habari hazifiki?"

"Zinafika," akasema mchambua barua. "Tena zinafika kuliko za redio."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alitengeneza sanduku la mbao akalipa jina la Ukweni. Upande mmoja wa sanduku uliishia waya wa nje, ule wa nguzoni, ukiwa na betri zake na sumaku yake. Upande wa pili ulianzia waya wa ndani, wa mashine yangu, ukiwa na umeme wake mbali. Katikati hapakuwa na waya wowote. Palikuwa na kijiti chembamba cha mti mkavu, kilichochemshwa kwenye nta. Umeme wa nje ukija, sumaku inavuta, kijiti kinasukuma, na upande wa ndani swichi inajifunga. Ukiondoka, kijiti kinarudi. Vilikuwa viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi. Niliviona vikicheza mara ya kwanza kwa kasi ile ya herufi, tiki tiki tiki, na simu ya Tabora ikajiandika mbele yangu bila waya wa Tabora kugusa mashine yangu popote. Mwili ulinisisimka. Nilimtazama Fundi nikaona ananitazama, kifua mbele, akingoja kusifiwa. Nikamsifu, na alistahili.

Wakati huo, mnakumbuka, kila kitu kilikuwa umoja. Watu walikuwa wanahamia vijijini, mashamba yanaunganishwa, na sisi wa mjini tulikuwa na mikutano ya tawi la chama. Ndugu mmoja akasimama mkutanoni akasema Fundi wa Simu anahubiri utengano ndani ya ofisi ya umma. Fundi aliinuka na mkono wake mfukoni. "Ndugu Mwenyekiti," akasema, "kijijini tunalima pamoja. Lakini kila nyumba ina mlango wake, au nimekosea?" Mwenyekiti akasema hajakosea. "Na mimi nimeweka mlango." Mkutano ukacheka, ikaisha.

Lakini maneno ya zama yanamwingia mtu hata asipotaka, na Fundi alikuwa mtu wa zama zake. Sanduku lilipokuwa tayari, kila upande ulihitaji waya wa ardhini, wa kuupeleka umeme uliozidi. Nyuma ya posta kulikuwa na fimbo moja ya chuma iliyochimbiwa, waya wa mashine umeshafungwa hapo. Bwana Posta alimuuliza kama atahitaji kuchimbia nyingine kwa ajili ya upande wa nje. Fundi akapunga mkono wake mmoja. "Ya nini? Ardhi ni moja, Bwana Posta. Ardhi ni ya wote." Tukacheka tena, na waya wa nje ukafungwa kwenye fimbo ileile.

Wingu la kwanza lilipotokea, Fundi alisimama nyuma ya kiti changu. "Bonyeza," akaniambia. "Leo hatuchomoi." Nilikuwa nabonyeza simu ya hospitali ya kuomba dawa. Nakumbuka mlio, kama bati lililoangushwa kutoka darini, na mwanga uliotoka chini ya mashine, si juu. Nilipopata fahamu nilikuwa sakafuni, na mkono wa kulia sikuusikia kabisa. Ukweni lilikuwa zima ukutani. Kijiti hakikuwa na hata doa, ila mashine ilikuwa inafuka moshi.

Fundi alipiga magoti pembeni yangu, uso umempauka, akiita jina ambalo si langu. Lilikuwa jina la yule mwenzetu. Ndiyo mara pekee nililisikia kinywani mwake.

Kesho yake alisimama mbele ya wafanyakazi wote bila kofia. Angeweza kusema ni kazi ya Mungu, na tungekubali. Alisema: "Kosa ni langu. Sijui ni kosa gani, lakini ni langu." Bwana Posta aliagiza mashine nyingine, akarudisha ile amri ya kuchomoa, na akamwambia Fundi kwa upole kwamba atampa nafasi moja tu zaidi. Ikishindikana, sanduku litaliwa na moto wa jikoni. Nami nikaambiwa mkono usiporudi nitahamishiwa dirisha la stempu. Nililia, sioni aibu kusema. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vikinilisha.

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Kasulu, bibi wa Kiha mwenye maneno machache na viganja vigumu. Mke wa Fundi akanitumia mtu kwamba niende Kasingirima, mama yake anajua kukanda mkono uliokufa ganzi. Nikaenda. Sebule ilikuwa imegawanywa kwa pazia la kitenge. Upande wa ndani nilikaa na mke wa Fundi, bibi akiwa bado jikoni anapasha mawese. Upande wa nje alikaa Fundi. Chini palikuwa pametandikwa mkeka mpya, mrefu, mzuri, umetoka sokoni asubuhi ile.

Bibi akaja na kibakuli chake. Akafika mkekani, akasimama. Akaufuata mkeka kwa macho mpaka chini ya pazia, unapopita kwenda upande wa pili.

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kiha. "Oya, oya. Pazia mmetundika, mkeka mmetandika mmoja? Mimi nikae mkeka mmoja na mkwe wangu?"

Kule upande wa pili nikasikia kiti kinasogea.

"Mama watoto," Fundi akamwita mkewe, maana kwa mama mkwe hawezi kusema moja kwa moja. "Mama amesema nini?"

"Anasema mkeka ni mmoja."

"Mwombe arudie."

"Mama, anaomba urudie."

Bibi alidhani anafanyiwa mzaha. Akasema kwa sauti, kwa mtu wa pazia na kwa majirani: "Pazia bila mikeka miwili si pazia! Mnakutana chini!"

Halafu tukasikia Fundi anacheka, cheko lililokaribia kuwa kilio, na anasema, "Nimewatenga mlangoni, nimewakutanisha chini. Chini!" Mlango ukabamizwa. Nilipochungulia dirishani nilimwona anakimbia kuelekea barabara ya Kigoma mjini, yule mtu wa pasi na vioo, bila viatu, soksi zake ndefu zikikusanya matope, na mkono wa kushoto bado uko mfukoni.

"Ana wazimu?" bibi akaniuliza.

"Hapana, bibi. Umemponya."

"Mimi nimemwambia habari ya mkeka tu," akasema, akaanza kunikanda.

Radi ilikuwa imeshuka kwa waya wa nje mpaka kwenye fimbo ile ya pamoja, kisha ikapanda kwa waya wa ndani mpaka kwenye mashine. Fundi alichimbia fimbo ya pili mbali kabisa, chini kwenye udongo mbichi karibu na ziwa, akaupeleka huko waya wa upande wa nje, hauonani na wa ndani mahali popote. Alizunguka jengo zima akitafuta mahali pengine hao wakwe wawili wanapoweza kukutana kwa siri. Msumari mmoja uliogusa bomba aliung'oa kwa meno ya koleo, akiutukana.

Mashine mpya ilikuwa imeshafungwa mvua ilipokuja, mchana. Alikataa katakata nikae kwenye mashine. Alikaa yeye, mkono mmoja mfukoni, akibonyeza kwa kidole kimoja, nami nikasimama mlangoni pamoja na Bwana Posta na wafanyakazi wote. Radi ikapiga. Tuliiona kwenye sanduku, upande wa nje, cheche ya buluu ikaruka na kushuka kwenye waya wake kuelekea ziwani. Upande wa ndani, kijiti kikaendelea. Tiki tiki tiki. Fundi hakuondoka kitini. Radi ikapiga tena, mashine ikatikisika kidogo kwa mshindo, kisha ikaanza kuandika yenyewe. Tabora walikuwa wanauliza:

KIGOMA VIPI LEO KWENU HAKUNA MVUA

Fundi akainua kidole chake kujibu, akaanza kuitafuta herufi ya kwanza. Sikuweza kuvumilia. Nilikwenda nikamsukuma kwa nyonga kama dada anavyomsukuma kaka. "Ondoka, Fundi. Kwa kidole hicho jibu litafika mwaka kesho."

"Binti, hapana."

"Mikeka ni mingapi?"

Akanitazama. "Miwili," akasema.

Nikakaa. Mkono wa kulia ulikuwa bado mzito, mawese ya bibi yalikuwa hayajamaliza kazi, lakini nje ngurumo ikiendelea niliandika herufi moja baada ya nyingine: INANYESHA SANA. Nikaendelea na simu ya hospitali, yote, mpaka nukta ya mwisho. Nilipogeuka, Bwana Posta alikuwa anapangusa miwani, na Fundi alikuwa ameegemea ukuta, macho yamejaa, ananyoosha soksi zake.

Masika ile hatukuchomoa tena waya.

Miaka ilikwenda. Mimi nilihamia bandarini, ofisi ya mizigo, na nikiwa karibu kustaafu tukaletewa kompyuta, moja ofisini na nyingine ghalani kule ukingoni mwa ziwa, zimeunganishwa kwa waya mmoja ambao ndani yake herufi zinapanga foleni vilevile kama zamani. Mvua ya kwanza ikaunguza zote mbili. Mtaalamu alikuja na dawa yake, kidude cheusi chenye miguu ya bati. Alipoanza kukifunga nilimuuliza kama kila upande utakuwa na umeme wake na ardhi yake. Akatabasamu. "Hilo ndilo la kwanza, mama," akasema. Nilitamani kumkumbatia. Kimoja kilichoharibika nikamwomba, nikakifunga kwenye leso.

Nikaenda nacho Bangwe, ambako Fundi alikuwa akiishi kwa binti yake, mkewe akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa amekaa barazani ndani ya koti, mfuko wa kushoto umejaa kama kawaida. Nikampa kile kidude. Akakizungusha kwenye vidole.

"Mbona kidogo kuliko kunguni?"

"Hilo ndilo Ukweni la siku hizi, Fundi. Ndani kuna taa na jicho. Taa inawaka na kuzimika, jicho linaona. Kati yao hakuna waya."

Akakitikisa karibu na sikio. "Hata kijiti?"

"Hata kijiti."

"Yaani wanakonyezana!" Akacheka mpaka akakohoa, binti yake akatoka kutazama. "Lo! Wanakonyezana tu! Mama mkwe angewakubali hawa." Halafu akauliza, kwa sauti ya kazi: "Na mikeka?"

"Miwili. Nimeuliza mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole, amestaajabu kama mimi nilivyostaajabu mbele ya sanduku lake. Kidude alikishikilia muda mrefu, kisha akakiweka mapajani. Juu ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa imeanza kufutika.

"Na ule mkono?" akauliza.

Nikampa mkono wangu wa kulia. Akaupokea kwa wake wa kulia, akapapasa kidole kimoja kimoja, akikikunja na kukikunjua, kama anakagua kazi kabla ya kuiacha. Nikaona koti linatikisika. Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni, mweupe kidogo, laini, mdogo kwa umri kuliko mwenzake, maana jua lilikuwa halijauona. Akaufunika mkono wangu kwa yote miwili.

Ngurumo ya kwanza ikapita juu ya ziwa. Nilitaka kumuuliza kama kazi imekwisha. Nikautoa na wangu wa kushoto, nikauweka juu ya mikono yake.